Tumbo Ni Langu, Emiliana

Gitting, Ijumaa jioni

Mwanangu Emiliana,

Salamu siandiki, maana kesho asubuhi utaniamkia mwenyewe kabla ya kwenda kupanda basi Katesh, na mimi nitaitika marahaba kama vile hakuna jambo. Ndivyo nilivyo, unanijua. Ana kwa ana mimi ni mtu wa kuuliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Kwa hiyo nimesubiri uende kumuaga shangazi yako, nikavuta kiti hapa mlangoni penye mwanga, nikachukua kalamu. Mama yako ananiona kutoka jikoni. Ameniuliza naandika nini, nikamjibu namwandikia mwalimu barua. Amecheka, akasema mwalimu mwenyewe hajafika hata shuleni kwake.

Mambo ya neti, ya kuchemsha maji, ya kutomwazima kila mtu simu, hayo sirudii. Mama yako ameyasema wiki nzima mpaka na mimi nimeyakariri. Nataka kukuandikia habari ya tumbo langu, kwa sababu unaondoka ukiwa umekasirika, na hasira yako ni ya haki, lakini kuna mambo huyajui.

Tangu Jumapili, siku ya kikao cha wazee wa ukoo, unaniwekea chakula bila kuniangalia. Ulisema mbele ya mama yako kwamba huendi Rukwa. Kwamba hiyo shule itafute mwalimu mwingine, kama baba yako anapelekwa kupasuliwa tumbo zima kwa sababu tu wazee wamesema. Halafu jana ukalainika kidogo. Ulisimama hapo kwenye ua, umeshika nguo ulizoanua, ukasema utaondoka iwapo nitakubali upasuaji wa matundu. Sikukujibu kitu. Uliingia ndani ukabamiza mlango, na mlango wenyewe bawaba zake unazijua. Maneno hayo yamenitia hofu kuliko ugonjwa. Nitakuambia sababu, ila nikianza nayo sitaweza kuandika mengine.

Wacha nianze penye aibu, nipite haraka.

Damu ilianza zamani. Uliposikia daktari akiniuliza na mimi nikijibu, niliona ulivyogeuka kuniangalia. Ulikuwa bado chuoni wakati naiona mara ya kwanza. Nilijiambia ni pilipili. Baadaye nikajiambia ni bawasiri, nikashuka Katesh kununua dawa, na kwa kuwa nilishindwa kusema ni yangu, nilimwambia yule kijana wa duka la dawa kwamba nimetumwa na mzee mmoja jirani. Akanipa tyubu, akaniambia, "Mwambie huyo mzee apake asubuhi na jioni." Nikasema nitamfikishia. Nilirudi tena, na tena, mpaka siku moja kijana akaniuliza kama huyo jirani yangu bado yu hai. Nilicheka naye. Nikapanda gari kurudi nyumbani, na njia nzima nilijiona mpumbavu, lakini bado sikumwambia mtu, hata mama yako niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hii.

Kwetu baba hazungumzi na binti yake habari za choo. Hata kijana wa kiume hawezi kuambiwa hivyo hivyo tu. Ni malezi, siyalaumu. Ila malezi hayo yalinifikisha siku ile niliyoanguka kwenye maharage, nikapelekwa hospitali wakakuta damu imebaki kidogo, na mwisho wake wewe, binti yangu, ndiye uliyekaa kwenye benchi huku wakiniingiza kamera huku nyuma. Nilipotoka ulinipa soda. Nilitaka kukushukuru, nikakuuliza kama umeona choo kiko wapi.

Ningesema mapema, huenda ule uvimbe kwenye utumbo mpana wangekuta ungali mdogo. Daktari hakunilaumu. Nilipomtajia damu ilianza lini, aliniuliza tena mwaka, kisha akaandika. Lile swali nimekuja nalo nyumbani.

Sasa chumba cha daktari. Ulikuwepo, lakini ulikuwa unasikiliza kwa masikio ya mtu aliyesoma, na mimi nilikuwa nasikiliza kwa yangu. Aliposema mimi ni mgonjwa wa hatari kubwa, wewe ulitikisa kichwa kama umeelewa. Mimi nilikumbuka ile transfoma ya umeme kule mashambani, iliyoandikwa HATARI na kuchorwa fuvu la kichwa. Nikajiona nimevaa kile kibao shingoni. Akahesabu: umri, moyo uliotanuka, na kifua. Kifua ndicho alichokirudia sana.

Hicho kifua nilikipata kwenye ngano. Umri wangu wa ujana wote uliishia juu ya mashine za kuvunia, kule kwenye mashamba makubwa ya serikali, wakati sisi huku bado ni mkoa wa Arusha. Tulikuwa tunafunga leso puani, jioni tukizifungua zimekuwa nyeusi, tukizikung'uta na kutaniana nani amekula vumbi zaidi. Tulijiona wanaume. Mashamba yalipouzwa na sisi tukapunguzwa, kila mmoja alirudi kwao na kikohozi chake. Mimi nikabaki hapa Gitting, kwa sababu mama yako alikuwa ameshapanda migomba, na nilikuwa na aibu ya kurudi Bashay kwa kaka yangu mikono mitupu.

Basi daktari akaeleza njia mbili. Akasema anaweza kufungua tumbo kwa kisu kutoka juu ya kitovu mpaka chini, aingize mikono, akate kipande cha utumbo chenye ugonjwa na kuunganisha. Au atoboe matundu madogo machache, aingize kamera na vyuma vyembamba, afanye kazi ileile akiangalia kwenye televisheni, kisha atoe kile kipande kwa kupanua tundu moja kidogo. Akasema saratani yenyewe inatolewa sawa kwa njia zote mbili, mradi anayeitoa ni mtu anayejua kazi. Tofauti iko kwa mgonjwa. Kwa mtu wa kifua kama changu, alisema, kufungua kunakwenda haraka mezani lakini shida inakuja wodini. Matundu shida yake iko mezani, lakini wodini unapumua.

Maneno hayo uliyashika vizuri, na njiani kurudi uliyasema yote tena, na ulikuwa sahihi. Mimi nilikuwa naitika tu, huku akili yangu ikiwa kwa ng'ombe.

Unamkumbuka yule ng'ombe mwekundu? Ulikuwa mdogo, umeanza shule. Hakuwa wetu, alikuwa wa Mzee Lohay. Alituwekea hapa tumtunze, maziwa tunywe sisi, ndama wagawanywe, kama watu wetu wanavyowekeana mifugo. Mvua za kwanza ziliponyesha akavimba kwa majani mabichi, tumbo limejaa hewa, analia. Kila mzee wa huku anajua ng'ombe wa namna hiyo hutobolewa ubavuni hewa itoke. Nami nilikuwa nimeona ikifanywa, kwa mbali, nikiwa mtoto. Ningeweza kumwita mtu. Lakini nilikuwa fundi wa mashine, nimetoka kazini, nikajifanya fundi wa ng'ombe pia. Nilitoboa upande wa kulia. Tumbo lile la hewa liko kushoto, Emiliana. Alikufa mbele yetu, na baba yako mkubwa Bura alipokuja kusaidia kumchuna aliniwekea kidole pale nilipotakiwa kutoboa, akasema, "Hapa. Siyo kule kwako." Mzee Lohay hakunidai. Ingekuwa afadhali angenidai.

Tangu siku hiyo mimi na tundu dogo hatupatani. Ndiyo maana nilimuuliza daktari ameshafanya mara ngapi, na wewe ukanifinya chini ya meza. Najua ulinifinya kwa sababu uliona nimemkosea heshima mtu mkubwa. Lakini yeye hakukasirika. Alisema amefanya nyingi, na hafanyi peke yake, na zipo ambazo walianza kwa matundu wakaona hapaendi, wakafungua. Alisema kufungua katikati ya kazi si kushindwa, ni kumwokoa mgonjwa. Mimi nilimpenda pale. Angeniambia hajawahi kukwama hata siku moja, ningechukua kofia yangu nikaondoka.

Ilinichukua siku nyingi kuelewa kwamba ng'ombe wa Lohay hakufa kwa sababu ya tundu. Alikufa kwa sababu ya aliyeshika kisu, asiyejua na asiyetaka kuuliza. Nakuandikia hili kwa sababu na wewe unakwenda kusimama mbele ya watoto wa watu, na wote watadhani unajua. Zitakuja siku utakuwa hujui. Mimi siku yangu ilipofika nilinyamaza, nikachukua kisu.

Sasa kikao, ambacho ndicho kilichotutenganisha mimi na wewe.

Wewe na mama yako mlikuwa jikoni, mlisikia nusu. Baba yako mkubwa alikuwa ametoka Bashay tangu alfajiri, amevaa koti lake la kanisani, na wazee wengine wa ukoo wamekaa pale kwenye nyasi. Sikuulizwa kitu. Mgonjwa haulizwi, hukaa akasikiliza watu wake wakimhangaikia, na kusema kweli kuna utamu wake. Bura alisimama akavuta shati juu, akaonyesha ule mshono wake wa zamani. Mlisikia watu wakicheka, basi ilikuwa hapo. Akasema, "Mimi utumbo ulijikunja nikiwa kijana. Wakanifungua kuanzia hapa mpaka huku chini, na mwaka uleule nikalima. Daktari lazima aone kwa macho yake. Huyo wa televisheni anaona nini? Anaangalia mpira?"

Usimcheke sana. Alikuwa na hoja. Alisema hospitali ya karibu wanaweza kunifungua mapema, bila kusubiri zamu ya hospitali kubwa ya mbali, yenye hayo matundu, ambako mashine yenyewe siku nyingine inagoma. Alisema nikiwa karibu, vijana wa ukoo watatoa damu, wanawake wataleta uji, na kama Mungu atanichukua, atanichukua nikiwa na watu wangu. Wote wakaona ni sawa. Nami nikaona ni sawa, au nilifanya uso wa mtu anayeona hivyo.

Kisha akatoa slufay. Wewe ni msomi lakini najua ile sauti inakuingia hata wewe, mzee akiomba baraka, aombee mifugo, aombee mvua, aombee tumbo la mdogo wake, na watu wote wakiitikia kila mstari kwa pamoja. Kwetu jambo likishaombewa hivyo limefungwa. Mtu anayelifungua anaonekana anakanyaga baraka yenyewe. Na mimi niliitikia, Emiliana. Nakumbuka sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zote.

Watu walipoondoka ulinijia na mikono ina unga, ukaniuliza, "Baba, kwa nini umekaa kimya? Si tumbo lako?" Nikakuambia huwezi kuelewa mambo ya wakubwa. Nisamehe kwa jibu hilo. Lilikuwa jibu la mtu aliyebanwa.

Ukweli ni huu. Baba yetu alipokufa Bura ndiye aliyenilea. Alinipeleka shule ambayo yeye mwenyewe hakwenda, alitoa ng'ombe wake nikamuoa mama yako. Maisha yangu yote sijawahi kumpinga mbele za watu, na nilikuwa najisifu kwa hilo, nikiita heshima. Pale kwenye kikao nilijichungulia vizuri nikaona heshima ilikuwepo, lakini pembeni yake kulikuwa na woga, na tena kulikuwa na kitu kingine kibaya zaidi: nafuu. Nilifurahi kwamba mtu mwingine amebeba uamuzi. Nikifa, ni wazee waliamua. Nikipona, ni wazee waliamua. Mimi ni tumbo tu, nimelazwa hapo.

Nadhani hata kule mashambani ilikuwa hivyo. Wakubwa walisema vumbi halina neno, tukasema halina neno, na sauti zetu zilikuwa kubwa.

Baada ya kikao sikulala vizuri. Kuna jambo lilikuwa linanirudia, na halina uhusiano na maneno ya daktari wala ya kaka yangu wala ya kwako. Ni jambo la mwili wangu mwenyewe.

Ulipokuwa mchanga, bado mgongoni kwa mama yako, nilianguka kutoka juu ya mashine ya kuvunia nikavunjika mbavu. Mbavu tu, watu walisema, zitaunga. Hakuna aliyenipasua, hakuna aliyenishona. Lakini kila nikivuta pumzi ilikuwa kama mtu ananichoma, kwa hiyo nikaanza kuvuta pumzi fupi fupi, na kikohozi kikija nakibana kisitoke. Makohozi yakakaa ndani. Baada ya siku chache nilikuwa na homa ya mapafu, midomo imebadilika rangi, naongea mambo yasiyoeleweka. Mama yako ndiye aliyeniokoa. Alichukua mto akanikandamiza nao ubavuni kwa nguvu zake zote, akinifokea, "Kohoa, Baba Emi! Nimesema kohoa!" Nililia kama mtoto. Nilikohoa. Na nilikuwa kijana wakati ule, moyo mzima, kifua kimeanza tu kuharibika.

Sasa fikiria mzee huyu wa leo, na kifua hiki, akiwa na mshono kutoka juu mpaka chini ya tumbo, anaambiwa akohoe. Bura alikohoa kwa sababu alikuwa kijana mwenye mapafu safi ya Bashay. Mimi najijua. Nitabana. Nitabana kama nilivyobana ile mara ya kwanza, na safari hii sijui kama mto wa mama yako utatosha.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuchagua matundu. Sikuipata kwako. Wewe ulikuwa unanieleza jambo la kweli kwa maneno ya daktari, na lilikuwa linapita. Hili la mto lilikaa.

Na usidhani sijaelewa upande wa pili. Nimeelewa. Watanijaza gesi tumboni ili kamera ipate nafasi ya kuona, na gesi hiyo itasukuma kifua na kuulemea moyo ambao umeshalemewa. Watanilaza kichwa chini miguu juu, na nitakaa mezani muda mrefu zaidi kuliko ningefunguliwa. Daktari wa usingizi atakuwa ananiangalia muda wote, na wakiona moyo unalegea watatoa gesi na kufungua. Huenda nisiamke. Huenda nikaamka na mfuko wa choo ubavuni, na hilo, nikuambie ukweli, naliogopa kuliko kaburi, mimi mtu niliyeshindwa hata kununua tyubu kwa jina langu. Huenda pia nisifike huko kwenye zamu. Daktari amesema nikianza kutapika, tumbo likavimba na hewa isitoke, utumbo umeziba na hakuna cha kusubiri, nifunguliwe mara moja popote palipo karibu. Hayo nimemweleza mama yako naye ameyarudia mbele yangu mpaka nikaridhika.

Kwa hiyo sijui kama nimechagua vizuri. Wewe unadhani kuna jibu sahihi, na wazee wanalikataa kwa ukaidi. Hakuna, mwanangu. Zipo njia mbili, na kifo kimekaa kwenye zote mbili, mahali tofauti. Mimi nimeangalia nitakutana nacho wapi nikiwa na nguvu zaidi ya kupambana nacho.

Leo mchana, ulipokuwa unafunga begi, nilimpigia simu baba yako mkubwa. Nilimwambia nimebadilisha, nitakwenda kwenye matundu, na nimekubali wafungue wakiona lazima. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Hakukasirika. Alisema tu, "Kwa hiyo Jumapili tuliitikia nini?"

Akasema tena, "Ni huyo mwalimu wako amekugeuza." Nikamwambia hapana. Akasema, "Haya," akakata. Unaijua ile "haya" yake. Sijui kama atakuja kuniona kabla ya operesheni. Sijui kama atakuja hata baadaye. Ni kaka yangu, ndiye baba niliyebaki naye, na nimemvunjia neno mbele ya ukoo wake. Nimeandika sentensi hiyo na imeniuma mkono.

Nakuambia haya ili ukisikia maneno ya ndugu yasikukute hujajiandaa. Watasema binti amesoma, amempeleka baba yake mbali na watu wake. Watasema hivyo nikifa. Nikipona watasema Mungu mkubwa.

Jambo lingine. Nilipozungumza na daktari aliniuliza jina la ndugu atakayepigiwa simu nikiwa mezani. Nilijua anatarajia jina la mwanamume. Nimetaja lako. Mama yako amekubali, amesema yeye simu ikilia siku hiyo ataitupa kwenye moto. Kwa hiyo inaweza kulia ukiwa darasani. Waambie watoto waandike kitu chochote, utoke nje, upokee. Wakikuambia wamelazimika kufungua, usidhani ndiyo mwisho. Nilishawapa ruhusa, hawakuombi uamue, wanakuarifu tu. Wakikuambia neno lile lingine, kaa chini kwanza. Kaa chini, halafu mpigie baba yako mkubwa wewe mwenyewe, asisikie kwa mtu mwingine. Mwamkie vizuri. Atakujibu.

Sasa lile la jana.

Ulisema utaondoka iwapo nitakubali matundu. Uliposema, niliona kilichokuwa kinakuja. Niliona mimi nimefia mezani, moyo umeshindwa na gesi, na wewe huko Rukwa mtu mzima, una watoto wako, na kila ukianua nguo unakumbuka kwamba ulimwekea baba yako sharti na baba yako akalitimiza. Hakuna mtu angekutoa hapo. Mimi mwenyewe ningekuwa nimekufa, nisingeweza kuja kukuambia.

Nilinyamaza kwa sababu nilitaka Bura asikie kwanza kutoka kwangu, kabla ya mtu mwingine yeyote zaidi ya mama yako. Hiyo adabu nilitaka kuilinda, angalau hiyo. Lakini leo ameshasikia, kwa hiyo sasa nakuambia wewe.

Daktari nilimpigia Jumatano. Nilipanda mlimani penye mtandao mzuri, mama yako akanisindikiza, tukapumzika njiani mara nyingi kwa ajili ya kifua. Yeye alishika simu ikiwa na sauti kubwa, akasikia kila neno. Muulize asubuhi, mbele yangu ukitaka. Nilisema jina langu, nikasema nimechagua, nikashuka. Wewe uliweka sharti lako Alhamisi. Nilikuwa nimeshachagua, Emiliana. Wakati unabamiza mlango, ilikuwa imeshakwisha.

Hukunipeleka wewe. Panda basi.

Baba yako